Kata imekwenda wapi? Vilabu vyetu vya pombe za kienyeji na yaliyovipata

Mwana wa Uru (mleta mada)

Wakuu, salamu. Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani Uru, Kilimanjaro, kwa msiba, na baada ya maziko nikashuka hadi kilabu alichokuwa akikaa marehemu baba kila jioni akishatoka kwenye migomba. Jengo lipo, na hata mwembe wa mbele upo. Yale mabenchi marefu ya mbao, yaliyokuwa yamelainika kwa kukaliwa, hayapo tena. Nilikuta viti vya plastiki, runinga ukutani, spika mbili zinazotikisa bati, na mashine ya kamari pembeni ambayo vijana walikuwa wameizunguka kama watu wanaoota moto. Niliagiza mbege, pombe yetu ya ndizi, nikaletewa kikombe changu peke yangu, nikakaa nusu saa nzima bila mtu yeyote kuniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Nilipokuwa mdogo na kutumwa kumwita baba, jambo la kwanza nililokuwa nikiliona mlangoni ni kata, kile chombo cha kuchotea na kunywea pombe. Mama muuzaji aliteka kutoka kwenye pipa, akanywa funda moja yeye mwenyewe mbele ya mteja ili ajue kilichomo ni salama, ndipo akaikabidhi kwa mikono miwili. Mteja alikunywa, akampa wa kulia kwake, na kata ikatembea benchi zima huku mazungumzo yakiifuata. Wazee wawili waliogombania mpaka wa shamba walikuwa wakipatanishwa palepale, jani la sale, ambalo kwetu Wachagga ni ishara ya kuomba amani, likiwa mkononi na mbege katikati yao, na aliyekataa kupokea kata alijulikana kuwa ndiye asiyetaka amani.

Ninavyoona mimi, kilabu hakikuuawa na bia kama wengi wanavyosema, kwa sababu bia ilikuwepo tangu enzi za wazazi wetu na vilabu vilijaa. Kiliuawa siku ile kila mtu alipopewa kikombe chake. Mwenye maelezo mengine naomba ayaweke hapa.

Mlanzi wa Mufindi

Ahsante kwa mada, mleta uzi. Ungesema vilabu vya Uru vimekufa nisingekubishia, lakini huku Iringa na Njombe kilabu hulala kiangazi na kuamka na mvua. Mwanzi mchanga ukishachomoza masika, mwenye shamba huukata ncha, akautegeshea mbeta, yaani chombo cha kukingia, kisha akarudi asubuhi na jioni kuufyeka kidogo ili utomvu, ndio ulanzi wenyewe, uendelee kutoka. Ukiunywa siku hiyohiyo ni togwa, mtamu hata kwa mtoto. Ukikaa unakuwa mkangafu, na huo unataka mtu aliyekula. Katika miezi hiyo njia yote ya kutoka Mafinga utaona madumu na ndoo, na vilabu vinajaa hadi watu wanakaa kwenye magogo nje.

Kilichobadilika kwetu ni uaminifu wa kinywaji. Nilipokuwa kijana, mzee aliweza kuonja akataja ulanzi umetoka kwenye bonde gani. Siku hizi umeshapitia mikono mitatu kabla ya kukufikia, na kila mkono umeongeza maji na sukari. Watu hawakai muda mrefu mahali ambapo hawaamini wanachokunywa.

Muuguzi Mstaafu

Nimefanya kazi ya afya vijijini kwa zaidi ya miaka thelathini, kwa hiyo naomba niseme kuhusu hiyo kata, maana naona mleta mada ameililia kana kwamba iliondolewa bila sababu.

Kipindupindu kilipoenea nchini mwaka 1977 na 1978, vilabu vilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza kufungwa, na kila ulipozuka mlipuko mpya baadaye hali ilikuwa hivyohivyo. Mtu anachota maji mtoni yasiyochemshwa kwa ajili ya kuzimulia pombe, mikono ishirini inashika kata moja, na choo hakipo au kiko hatua kumi kutoka kwenye pipa. Mimi mwenyewe nimesimama mlangoni pa kilabu na bwana afya, tukimwaga pipa zima chini huku mwenye pombe akilia, na sikumlaumu kwa kulia, kwa sababu ile ilikuwa karo ya watoto wake. Vikombe vya mtu mmoja mmoja viliingia hivyo, kwa masharti ya kufunguliwa tena.

Kisha ukaja UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na ndani ya miaka michache watu walikuwa wakiogopa kugusana hata viti. Virusi vya UKIMWI haviambukizwi kwa kuchangia kata wala mrija, na tulisema hivyo mpaka sauti zikakauka. Lakini hofu haikungoja maelezo, na mtu akishaanza kumwangalia jirani yake kwa wasiwasi kabla ya kunywa, kata hairudi tena. Kifua kikuu ndicho kilichostahili kuogopwa zaidi, na hicho hupitia kwenye hewa ya chumba kisicho na madirisha, si kwenye kata.

Binti Mpika

Nimesoma michango yote hapo juu. Mmetaja benchi, mwembe, kata, wazee na jani la sale, lakini ukiacha yule mama aliyelia pipa lake likimwagwa, mpishi hajatajwa na yeyote. Mama yangu alipika mbege Machame kwa miaka ishirini na mbili, na ningependa mjue kazi yenyewe ilivyo kabla ya kuendelea kuulizana kilabu kilikwenda wapi.

Ndizi zinavunwa na kuivishwa, zinamenywa, zinachemshwa kutwa nzima kwenye pipa mpaka zigeuke rangi na kuwa nyekundu. Hapo kuni ni mzigo mmoja wa kichwa, na mara nyingi hautoshi. Uji huo wa ndizi, ndiyo nyalu, unaachwa siku kadhaa uchachuke. Wakati huohuo ulezi umelowekwa, umeoteshwa, umeanikwa na kusagwa ukawa mso. Mso unapikwa uji, na magome ya msesewe yanachemshwa ili kuupa ule uchungu ambao bila huo mnywaji atasema amepewa uji wa mtoto. Nyalu inachujwa, inachanganywa, inalala usiku mmoja, na alfajiri mama anaonja. Ikiwa imekosea, hasara ni yake peke yake. Ikiwa imepatia, wateja wanakuja na nusu yao wanakunywa kwa mkopo.

Mama hakujua kuandika. Madeni aliyachora kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni, kila mtu na mahali pake, mstari mmoja kwa kila kata, na mtu akilipa aliufuta mstari kwa kidole gumba kilicholoweshwa. Mpaka leo ninaweza kukuonyesha sehemu ya ukuta ambayo haikufutwa kamwe. Ada yangu ya sekondari ililipwa na pipa lile. Nilipoanza kupata mshahara, jambo la kwanza nililomwambia ni kwamba apumzike, naye akapumzika siku hiyohiyo. Wasichana wa kijiji chetu walisoma kwa mbege ili wasipike mbege, na hayo ndiyo maelezo yangu.

Karani wa Kahawa

Binti Mpika amesema kweli, ila mkopo unaousema ulikuwa na tarehe yake ya kulipwa, nayo ni malipo ya kahawa. Nilikuwa karani katika chama cha msingi kimojawapo mkoani Kilimanjaro. KNCU, chama chetu kikuu cha ushirika wa kahawa, imekuwepo tangu mwaka 1933, na kwa miongo mingi mzunguko wa fedha mlimani uliufuata msimu wa kahawa kama mtoto anavyomfuata mama. Siku ya malipo, mistari yote ya mkaa ilifutwa, na wiki mbili zilizofuata vilabu vilikuwa na nyama, ngoma na wageni.

Mwaka 1989 mfumo wa kimataifa wa kugawana kiasi cha kahawa kinachouzwa ulivunjika, na bei ikaanguka kwa kishindo. Wakulima wengi walianza kuiacha mibuni, wengine wakaing'oa na kupanda mahindi na nyanya. Vijana wakashuka Moshi mjini, Arusha na Dar es Salaam. Mpishi akikopesha watu wasio na siku ya malipo, atafunga tu. Kwa hesabu yangu, kilabu cha mleta mada kilikufa kwa ajili ya bei ya kahawa, na vikombe vya plastiki vilikuja kuikuta maiti.

Mkazi wa Tandale

Wakuu, mnazungumza kana kwamba vilabu ni vya mlimani tu. Huku Dar es Salaam vilabu vya Tandale, Manzese na Vingunguti vilikuwa mahali pa kwanza pa mgeni kutoka bara kupata habari za kazi. Unashuka basi na begi, unauliza watu wa kwenu wanakunywa wapi, na kabla ya jioni umepata pa kulala. Kulikuwa na kilabu cha komoni cha watu wa Mbeya, cha wanzuki cha watu wa Tabora, na chibuku kwa kila mtu, kwa sababu chibuku ni pombe yetu ya Dar es Salaam iliyotengenezwa kiwandani na haikuwa na kabila.

Kilichoua vilabu vya mjini ni viroba. Kijana aliweza kununua pombe kali kwenye kipakiti cha plastiki kwa bei ndogo kuliko kopo la komoni, akakitia mfukoni na kukinywa akitembea. Serikali ilipokuja kuvipiga marufuku mwaka 2016 tayari kizazi kizima kilikuwa kimezoea kulewa kikiwa kimesimama.

Mpita Tunduma

Masahihisho mawili kwa heshima, ndugu Tandale. Kwanza, viroba vilipigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Nakumbuka vizuri kwa sababu nilikuwa na duka la jumla na ilinibidi nihesabu maboksi. Pili, chibuku haikuzaliwa Dar es Salaam. Ilianza kutengenezwa kiwandani katika Ukanda wa Shaba wa Zambia ya leo, miaka ya 1950, na jina lake linahusishwa na kitabu ambacho mtengenezaji alikuwa akiandikia mambo ya pombe yake. Watu wa huku mpakani tulikuwa tukiinywa zamani.

Hoja yako ya viroba naikubali nusu. Baada ya kuondolewa, watu hawakurudi kwenye vilabu. Walihamia kwenye chupa ndogo na kwenye gongo.

Mjukuu wa Mgema

Ninaandika kutoka Kilifi, Kenya. Huku kwetu kilabu ni mangwe, na kinachouzwa ni mnazi. Babu yangu alipanda minazi asubuhi na jioni, kotama, kisu cha mgema, kiunoni, akalichonga kole na kushusha kilichojaa. Mnazi wa asubuhi ni mtamu na mwepesi. Ukifika adhuhuri umeshapata nguvu. Ukifika usiku umeingia ukali na kesho yake ni siki. Kwa hiyo mangwe ya zamani ilikuwa na saa zake za asili, na wazee walikaa chini ya mwembe tangu saa nne za asubuhi, kila mmoja na mboko wake, yaani kibuyu cha kunywea, na mrija, wakisikiliza kesi za ndoa. Bila kadzama, yaani mnazi unaopelekwa kwa wakwe, hata posa haikuweza kuzungumzwa.

Mwaka 2010 Kenya ilipitisha sheria mpya ya vileo, ambayo kwa upande mmoja iliihalalisha chang'aa, ambayo Watanzania mnaiita gongo, kwa masharti, na kwa upande mwingine ikaweka saa za kuuza: kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi. Walioiandika walikuwa wakifikiria baa yenye jokofu. Bia inaweza kusubiri saa kumi na moja, mnazi hauwezi. Ama mgema anauza kwa kujificha, ama anauza ulioharibika. Mangwe nyingi ninazozijua zimehamia ndani ya vichaka na nyumba za watu, na wazee wenye heshima zao hawaendi kujificha vichakani. Waliobaki ni wale wasiojali kuonekana.

Bukoba Kwetu

Mjukuu wa Mgema amegusa jambo ambalo ningependa mleta mada alifikirie vizuri, kwa sababu linaeleza kwa nini kilabu kilikuwa kilabu. Kwetu Kagera rubisi, pombe yetu ya ndizi, hukamuliwa kwenye mtumbwi wa mti. Wanaume wanazikanyaga ndizi mbivu pamoja na majani, maji yake yanachujwa, unatiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, unafunikwa, na baada ya siku moja au mbili iko tayari. Ikishakuwa tayari haina subira. Mwenye rubisi lazima apate watu leo, na watu wanajua hivyo, kwa hiyo wanakuja leo. Wiki ijayo zamu ni ya nyumba nyingine. Mbege, mnazi, ulanzi na rubisi zote zina tabia hiyo moja: zinawaita watu kwa saa yake, nao wanakutana wakitaka wasitake.

Chupa ya bia inakaa miezi kwenye kreti. Haimwiti mtu. Unakunywa siku unayotaka, na yeyote unayemtaka, au peke yako mbele ya runinga. Kwa hiyo si kikombe wala kahawa. Ni kule kukosa subira kwa pombe yenyewe, ambako ndiko kulikokuwa kunatupangia ratiba ya kuonana.

Njia Panda

Nimesita kuandika, lakini naona uzi umeelemea upande mmoja. Mimi sikikumbuki kilabu kwa furaha. Nilikuwa mtoto wa darasa la tatu, nimekaa na mama gizani tukisikiliza hatua za baba barabarani, na tuliweza kujua kwa mwendo wake kama usiku ule tungelala ndani au kwa jirani. Fedha ya kahawa ambayo Karani ameisifu iliishia kwenye mistari ya mkaa kabla haijafika nyumbani. Mama yangu hakuwa na ukuta wa kuchora madeni. Alikuwa upande wa pili wa ukuta huo.

Kwetu kilabu kilikufa kwa sababu makanisa ya kiroho yaliingia mwanzoni mwa miaka ya tisini, wanawake wakaokoka kwanza, kisha wakawavuta waume zao mmoja mmoja. Baba aliacha pombe mwaka 1994. Tulianza kula nyama Jumapili. Nayaheshimu mapenzi ya mleta mada kwa baba yake, na ninaomba na haya yawekwe kwenye kumbukumbu hiyohiyo.

Mwana wa Uru (mleta mada)

Njia Panda, pole sana, na ahsante kwa kuandika. Nimelisoma mara mbili. Hata kwetu kulikuwa na nyumba ambazo tulizisikia usiku, na sikuzitaja kwa sababu haikuwa nyumba yetu. Muuguzi, masahihisho yako nimeyapokea, ingawa bado nasema kilichokusudiwa kuzuia ugonjwa kilizuia na kingine. Bukoba, hoja ya subira imenikaa kichwani tangu asubuhi.

Kyela Ziwani

Nyinyi wa kata na vikombe mnagombana bure, maana Wanyakyusa tulishapata ufumbuzi zamani. Kimpumu cha ulezi hukaa ndani ya chungu katikati, kinaongezwa maji ya moto, na kila mzee ana mrija wake mwenyewe ambao anaondoka nao. Chungu ni kimoja, mdomo ni wa kila mtu na mrija wake, na maji ni ya moto. Muuguzi atuambie kama kuna kosa hapo. Pamoja na hayo, vilabu vyetu navyo vimepungua, kwa hiyo hoja ya kata haiwezi kuwa jibu lote.

Mimi nalaumu runinga. Zamani kilabuni kila mtu alitazama chungu, yaani alitazama nyuso za wenzake. Siku hizi wote wametazama ukuta, wanashangilia timu za Uingereza, na aliyekaa ubavuni hawamjui jina. Na Mlanzi wa Mufindi, nakukumbusha kwamba mwanzi wa kwenu unatoa maji ya miti tu; ukitaka pombe ya watu wazima vuka Makete uje huku.

Mlanzi wa Mufindi

Nitakuja masika, ndugu yangu, na nitaleta dumu la mkangafu tuone nani atatembea kurudi nyumbani. Kuhusu runinga nakuunga mkono, ila ongeza na mashine za kamari. Kijana akishapoteza sarafu zake kwenye mashine hana za kumnunulia mwenzake, na kilabu ni mahali pa kununuliana. Zamani aliyekuwa na fedha leo alimnywesha asiye nayo, kwa kuwa alijua kesho mambo yatageuka. Mashine haikumbuki kwamba ulimnywesha jana.

Muuguzi Mstaafu

Kyela, maji ya moto yanasaidia, na mrija wa mtu mmoja unasaidia zaidi, mradi usiazimwe. Nimeona unavyoazimwa.

Mwana wa Uru (mleta mada)

Wakuu, nimerudi. Jana niliamua kumpigia simu shangazi yangu, ambaye ndiye aliyekuwa akipika katika kilabu kile nilichokitaja mwanzo. Nilimsomea michango yenu mingi, akacheka sana aliposikia habari za mashine isiyokumbuka. Nikamuuliza, shangazi, ni nini hasa kilichoua kilabu chako: kata, kahawa, walokole, bia au runinga?

Alinyamaza kidogo, kisha akasema kuwa aliacha kupika mwaka ambao magoti yalikataa kupanda na mzigo wa kuni kutoka korongoni. Alimwomba baba yangu na wenzake, waliokuwa wakinywa pale kila siku, wamsaidie kuleta kuni mara moja kwa wiki. Wakamwambia watazungumza. "Wakazungumza," akasema, "wakanywa, wakaenda nyumbani." Wiki iliyofuata hakupika, na hiyo ikawa ndiyo basi. Aliyekuja baada yake ndiye aliyeleta kreti za bia, kwa kuwa kreti inaletwa na gari.

Nilikuwa sijawahi kuisikia habari hiyo. Nilimuuliza kata iko wapi. Yeye anayo, imening'inia jikoni, na anasema nikija Desemba nije na kuni kwenye gari, naye atanisimamia nipike mwenyewe pipa moja.

Binti Mpika

Mshike mkono shangazi kwa niaba yangu. Ukimpigia tena, naomba umuulize magome ya msesewe anayapata wapi siku hizi, na kama anachemsha yakiwa mabichi au makavu. Ninayouziwa huku Dar es Salaam nimeyachemsha saa mbili nzima na uchungu hautoki.